Mwanagenzi wa Ndege Ndogo: Kutoka Plastiki ya London hadi Waya wa Ngezi

Ufundi wa kuunga ndege ndogo za plastiki ulianza kama jibu la kusitasita kwa mwanagenzi. Kabla ya hapo, aliyetaka modeli ya ndege alipewa mchoro na vipande vya mbao, akatakiwa kuchonga mwenyewe bawa na kiwiliwili, na wengi waliiacha kazi njiani. Mwaka 1936 kampuni ya Uingereza iliyouza bidhaa zake kwa jina la Frog ilitoa mfululizo wa Penguin, ambao vipande vyake vilikuwa vimekwisha kufinyangwa kwa selulosi asetati, plastiki ya awali iliyokuwa na ila ya kupindika kadiri miaka ilivyopita. Skeli yake ilikuwa 1/72, yaani inchi moja ya modeli huwakilisha futi sita za ndege halisi.

Vita Kuu ya Pili viliigeuza modeli kuwa chombo cha mafunzo, kwa kuwa askari wa mizinga alipaswa kuitambua ndege kwa umbo lake kabla ya kufyatua. Mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule wachonge modeli 500,000 za mbao kwa skeli hiyohiyo. Baada ya vita ilikuja polistirini, plastiki ngumu zaidi, ambayo huyeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Kampuni ya Airfix, iliyoanzishwa mwaka 1939 na Nicholas Kove, mzaliwa wa Hungaria, iliuza modeli katika mifuko ya bei nafuu kwenye maduka ya Woolworth, na ndege ya kivita ya Spitfire, yenye mabawa ya zaidi ya mita 11, ikawa kitu cha sentimita 15 na ushei.

Kazi iliyobaki ilionekana nyepesi, lakini ilikuwa na mitego yake: kipande hukatwa kutoka kwenye fremu yake, kovu la mkato husuguliwa kwa msasa, kisha hupakwa gundi ambayo haigandishi tu bali huyeyusha kingo mbili hadi zikawa kitu kimoja. Gundi ikizidi, kioo cha chumba cha rubani huingia ukungu usiofutika, na hapo ndipo wanaoanza wengi hukata tamaa.

Upande wa Afrika, Kongo iliifahamu ndege halisi kabla ya plastiki hizo kuwepo. Mwaka 1916 ndege za Wabelgiji zenye uwezo wa kutua majini ziliishambulia Kigoma kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1920 shirika la LARA lilianza safari za anga kufuata Mto Kongo, na mwaka 1925 rubani Edmond Thieffry aliruka kutoka Brussels hadi Léopoldville, safari iliyomchukua siku 51. Huko Ituri, mashariki mwa nchi hiyo, ambako barabara ni mbovu na mara nyingi si salama, ndege ilikuwa njia ya dawa na wagonjwa, hasa kwa hospitali ya kimisionari ya Nyankunde. Juni 2003, wakati wa operesheni ya Umoja wa Ulaya iliyoitwa Artemis, ndege za mizigo za C-130 na C-160 zilitua Bunia, mji wa Ituri, kutoka Entebbe nchini Uganda zikiwa na askari na vifaa.

Katika kata ya Ngezi mjini Bunia, kama katika miji mingi ya mashariki mwa Kongo na Uganda, ufundi wa watoto haukutegemea pakiti ya dukani, bali waya, makopo na nyayo za kandambili zilizochakaa. Kwa kuwa hapakuwa na karatasi ya maelekezo, mtoto aliyepinda waya kuwa bawa alilazimika kukumbuka alichokiona angani, na kwa hiyo, ingawa modeli yake haikufuata skeli yoyote, kazi yake ilikuwa ngumu kuliko ya yule aliyefuata namba za vipande. Wanahistoria wa vitu vya kuchezea wameandika mengi juu ya Frog na Airfix. Wanaoandika historia ya Ituri wanapaswa kuzikusanya na kuzipiga picha ndege hizi za waya kabla hazijaliwa na kutu.