Gongo la Mforsadi

Katika soko la Gikomba, mwendo mfupi tu kutoka msikiti wa Riyadha wa Pumwani, niliona siku moja gongo kuukuu limelazwa baina ya nyundo zilizoshika kutu na misumeno iliyopoteza meno, na kijana aliyekuwa akiliuza, mwenye adabu njema, akanambia, "Hiyo ni bakora ya mzee, shikamoo." Nililigeuza mkononi: kichwa chake kilikuwa cha mforsadi, kimepindwa mithili ya mkono wa mwavuli, upande mmoja bapa na wa pili mviringo, na mpini wake ulikuwa wa henzirani, umechomekwa ndani ya mti ule kama kabari, ukatiwa gundi na kuzungushiwa uzi, ili kishindo cha mpira kisimtie mchezaji ganzi vidoleni. Hiyo haikuwa bakora ya mzee, bali gongo la mpira wa magongo, la namna iliyokuwa ikiundwa Sialkot na Jalandhar. Nami nilipolishika nilimkumbuka Avtar Singh Sohal, nahodha wa zamani wa Kenya katika mchezo huo, ambaye mashabiki wake walimwita Tari.

Taarihi ya mtu huyu haifahamiki pasipo taarihi ya ardhi. Pumwani ilipimwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 iwe ndiyo maskani rasmi ya Waafrika mjini Nairobi, na wakazi wa vijiji vya awali, kama vile Maskini, Kaburini na Mombasa, wakahamishiwa huko wajijengee nyumba zao za udongo na miti, ambazo zilikipa kitongoji jina la Majengo. Kijiji cha Pangani peke yake kiliendelea kuwapo hadi mwisho wa miaka ya 1930, kisha nacho kikavunjwa, watu wake wakapelekwa Shauri Moyo, na mahali pale pale palipokuwa na nyumba za Waswahili pakajengwa makazi ya Wahindi. Basi majirani wakawa karibu hata mtu aliweza kutembea kutoka kwa huyu hadi kwa yule kabla chai haijapoa, lakini kila rangi ya watu ilikuwa na skuli yake, hospitali yake na uwanja wake, kwa utaratibu wa ukoloni.

Hata mpira wa magongo ulilelewa na kila jumuiya kwa klabu yake: Masingasinga walikuwa na Sikh Union, Wagoa walikuwa na Goan Institute, na Waislamu wa Kihindi walikuwa na Sir Ali Muslim Club, na mashindano baina ya klabu hizo yalikuwa makali kiasi kwamba timu ya Kenya, ambayo wachezaji wake wengi walitoka humo, ilikwenda kwenye Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956 haina haja ya kumwogopa mtu.

Tari, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1938, alitoka Sikh Union. Alikuwa beki, na kazi ya beki enzi za viwanja vya majani ilitaka subira kuliko nguvu, maana mpira mgumu mweupe, ukigonga kichuguu kidogo tu, huruka hadi gotini au usoni. Hapana budi mtu ainame, aulaze mti wake karibu na ardhi, na auone mpira mpaka unapogusa mforsadi. Katika kona ya adhabu, sheria za wakati ule ziliruhusu mshambuliaji mmoja ausimamishe mpira kwa kiganja ili mwenzake aupige ungali umetulia, na kiganja hicho, niamini msomaji, hakikuwa na glavu. Tari alicheza Olimpiki nne, Roma 1960, Tokyo 1964, Mexico 1968 na Munich 1972, na katika tatu za mwisho alikuwa nahodha. Tokyo, Kenya ikiwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru, ilimaliza ya 6 ulimwenguni. Na katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, ikashika nafasi ya 4. Kitabu cha rekodi cha Guinness kilimwandikia mechi 167 za kimataifa.

Baadaye akawa kocha wa taifa, na mwamuzi pia. Kwa maoni yangu, ukocha wa zama zile ulikuwa mgumu kuliko nahodha yeyote anavyoweza kukisia. Wahindi wengi walikuwa wamekwisha kuhama nchi, na klabu zikapungukiwa na watoto wa kurithi gongo la baba. Fauka ya hayo, mwaka 1976 magongo ya Olimpiki, huko Montreal, yalichezwa juu ya nyasi bandia kwa mara ya kwanza, na Kenya haikuwapo, kwa kuwa nchi nyingi za Kiafrika zilisusa kwa ajili ya Afrika Kusini. Na mwaka 1980 haikwenda Moscow vilevile. Miaka minane ulimwengu ulijifunza mpira wa kasi usioruka, ilhali ustadi wetu wote ulikuwa wa kuushinda mpira unaoruka.

Hata hivyo mchezo haukufa, na waliouokoa hawakuwa wa jumuiya moja. Mwaka 1987 Michezo ya Afrika ilifanyika Nairobi na Kenya ikatwaa dhahabu ya magongo. Katika vikosi vilivyokwenda Los Angeles 1984 na Seoul 1988, majina ya Alubaha na Omondi yaliandikwa sambamba na ya Masingasinga, katika mchezo ambao miaka thelathini nyuma mtoto wa Majengo asingaliruhusiwa kuushikia gongo uwanjani mwa jirani yake. Los Angeles walikuwa wa 9. Seoul wakawa wa 12, na wa mwisho.

Gongo la Gikomba nililinunua. Yule kijana nikamwonyesha upande ulio bapa, akalishika kwa mikono miwili, akainama, akalilaza mchangani.