Lenzi ndefu ilivyofika kwetu, na ile ninayoinunua mimi



Mwezi uliopita nilikwenda Saadani kikazi. Tukapanda boti Mto Wami, viboko wamejaa, nami nikapiga picha kama mia mbili hivi. Kurudi chumba cha habari, mhariri akaitazama moja, akaitazama tena, kisha akauliza: "Hili jiwe liko wapi?" Jamani, lile jiwe ndiye kiboko mwenyewe! Kamera yangu ina lenzi ile ndogo inayokuja nayo dukani, ya milimita 18 hadi 55. Kwa harusi na mikutano ya waandishi wa habari inatosha kabisa. Kwa mnyama aliye mita sitini kutoka kwako ni kazi bure.

Basi nikaamua kununua lenzi ndefu. Nimedunduliza miezi minane, na fundi mmoja Kariakoo ana tatu za mtumba. Ya kwanza ni ya kuvuta, milimita 75 hadi 300. Ya pili ni ya Kirusi, ya milimita 500, fupi na nene kama kopo la maziwa, ndani ina vioo vya kuakisi. Ya tatu ni milimita 300 tu, haivuti wala hairudi, nzito, na bei yake inaumiza. Kabla ya kutoa hela nikasema ngoja nijue kwanza watu wa zamani walifanyaje. Hapo ndipo nilipozama, na nikakuta kwamba historia ya lenzi hizi inapita kwetu kuliko nilivyodhani.

Lenzi ya mbali tunayoijua ilizaliwa mwaka 1891. Watu watatu waliifikia karibu kwa wakati mmoja, kila mtu kivyake: Thomas Dallmeyer kule Uingereza, Adolf Miethe na Adolf Steinheil Ujerumani. Mwaka huohuo Wajerumani walihamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam. Mambo mawili yasiyohusiana kabisa, lakini mimi mtu wa Ubena Zomozi nimeshindwa kuyatenganisha kichwani.

Ujanja wao ulikuwa huu. Zamani ukitaka kumkuza mtu wa mbali ulihitaji sanduku refu, kwa sababu mwanga lazima usafiri umbali mrefu toka kwenye kioo hadi kwenye sahani. Wao wakaweka kioo cha kukusanya mwanga mbele, na nyuma yake kioo cha kuutawanya kidogo. Lenzi ikafanya kazi ya lenzi ndefu ndani ya mwili mfupi. Lakini hakuna cha bure. Ukikuza picha mara mbili, mwanga unaofika unapungua mara nne. Ukikuza mara tatu, unapungua mara tisa. Na sahani za vioo za wakati ule zilikuwa na usingizi, zilihitaji mwanga mwingi. Mnyama naye hakusubiri.

Sasa njoo kwa Carl Georg Schillings. Huyu ni Mjerumani aliyezaliwa 1865, akafika huku mara ya kwanza 1896, akarudi tena na tena kuzunguka Kilimanjaro, nyika ya Wamasai na Mto Pangani wa juu. Alikuja kama mwindaji, na aliua wanyama wengi sana, tusimpake rangi. Baadaye akaleta kamera, pamoja na vifaa vya kampuni ya Goerz ya Berlin. Mwaka 1905 akatoa kitabu chake huko Leipzig, Mit Blitzlicht und Büchse, yaani kwa mweko na bunduki. Kilijaa mamia ya picha za wanyama wa Tanzania ya leo wakiwa porini, wakati Wazungu wengi walikuwa wamemwona simba kwenye kizimba au aliyejazwa pamba tu. Kikasomwa mno.

Nilidhani lenzi ya mbali ndiyo iliyompa jina. Hapana bwana! Aliitumia mchana, jua likiwa kali, na picha nyingi za namna hiyo zina wanyama wadogo, wenye ukungu kidogo, kama kiboko wangu. Zilizomtoa ni za usiku. Alikuwa akifunga punda au ng'ombe kama chambo, anatega kamera na unga wa magnesiamu karibu kabisa, kisha simba akija unga unalipuka na mwanga unajaa. Picha zile zimepigwa kwa ukaribu. Yule aliyelipia ukaribu huo ni punda.

Na wapagazi. Hapa nakaa kidogo, mniwie radhi. Sahani ya picha wakati ule ni kioo. Masanduku ya vioo, dawa za kusafishia picha, kamera za mbao, ngozi, chumvi ya kukaushia ngozi, mahema, vyote vilisafiri kichwani na begani mwa watu. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kilo 25 hadi 30. Anayeujua Mji Mkongwe wa Bagamoyo anajua jengo la Caravan Serai, kumbukumbu ya misafara ya pembe na ya watu waliokuwa wakiibeba toka Tabora na Ujiji. Schillings hakupitia kwetu, njia zake zilikuwa kaskazini, lakini kazi ya kubeba ni ileile. Mmoja akijikwaa, simba wa wiki nzima anavunjika. Ukifungua kitabu unamkuta simba, unamkuta Schillings. Majina ya waliobeba, wachache mno.

Wakati huo sheria nayo ilikuwa ikigeuka. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji: leseni zikawekwa, na maeneo ya kwanza yakatengwa, moja karibu na Kilimanjaro na jingine Rufiji. Mwaka 1900 mataifa ya kikoloni yakatia saini mkataba wa wanyama huko London. Mwingereza Edward North Buxton akaandika mwaka 1902 kuwahimiza wenzake waache bunduki washike kamera. Wazo zuri, silikatai. Ila tazama lilivyotua: mgeni mwenye leseni, bunduki mbili na lenzi akawa rafiki wa wanyama. Mkwere mwenye upinde akawa jangili. Schillings mwenyewe mwishoni alilia sana kwamba wanyama wanakwisha, na naamini alimaanisha. Lakini alilia baada ya kushiba.

Upande wa Kenya mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1907 Wamarekani walikuwa na Graflex ya wanaasili, kamera yenye mwili mrefu mahsusi kwa lenzi ndefu, na kioo cha kukuonyesha picha hadi dakika ya kupiga. Arthur Radclyffe Dugmore aliizungusha huko na kutoa kitabu mwaka 1910. Humo kuna kifaru anayekuja mbio kumvamia. Hata huyo, msomaji, ni picha ya ukaribu.

Nikaruka hadi Gombe. Jane Goodall alifika pale Julai 1960, na sokwe wakawa wanamkimbia wakimwona tu hata ng'ambo ya bonde. Mwaka 1962 National Geographic ikamleta Hugo van Lawick na lenzi zake. Vifaa vyake vilikuwa bora mara mia kuliko vya Schillings, lakini picha zilipatikana kwa sababu kulikuwa na miezi mingi ya mtu kukaa palepale bila kudhuru, mpaka sokwe wakamchoka. Hakuna lenzi ya milimita hizo.

Nimerudi sasa Kariakoo kwa macho mengine.

Ile ya Kirusi ya 500 inanivutia, nakiri. Ukoo wake ni Maksutov, aliyebuni mpangilio wake wa vioo mwaka 1941, na lenzi za namna hii zilishinda tuzo Brussels 1958. Lakini uwazi wake ni f/8, haubadiliki. Saadani wanyama wanatoka saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Kwa f/8 saa hizo nitakuwa nimerudi kwa Dallmeyer. Tena kila mng'ao nyuma ya mnyama inaugeuza pete. Fikiria mto mzima wa mng'ao, kiboko katikati ya pete elfu!

Ile ya 75 hadi 300 ni nyepesi, na ina kituliza mtikisiko, kitu ambacho Canon walikiweka kwenye lenzi ya aina hii kwa mara ya kwanza 1995. Kinatuliza mkono wangu. Kiboko akipiga miayo hakimtulizi. Ikifika 300 uwazi wake ni f/5.6. Halafu nilipoiangalia kwenye taa nikaona nyuzinyuzi nyeupe ndani, kama utando wa buibui. Ni kuvu. Pwani yetu ina unyevu na chumvi, lenzi ikilala kabatini inaota kama mkate. Fundi akasema "haionekani kwenye picha". Nikamrudishia.

Imebaki ya tatu, 300 yenye f/4. Inapokea mwanga mara nne ya ile ya Kirusi, na kioo chake ni safi. Haifiki mbali sana, kwa hiyo itanibidi nimjue mnyama na nimwombe mwenye boti azime injini mapema. Huyo mzee anajua kila kiboko anapolala, na safari hii jina lake litakuwa chini ya picha, nimeshamwomba ruhusa.

Nilipomweleza bibi kule Ubena, alicheka. Tembo wa upande wa Wami-Mbiki humfikia hadi kwenye mahindi. "Wewe unalipa hela umwone karibu," akasema, "sisi tunaomba akae mbali." Kisha akanipa maharage kilo mbili. Si ya kupika. Nilimwambia tripodi sina hela nayo, na kwamba mfuko wa maharage ukiwekwa ukingoni mwa boti unashika lenzi vizuri. Ameushona mwenyewe, kwa kanga kuukuu.

Fundi nimemlipa jana. Jumamosi naondoka na basi la alfajiri.