Kasoro Iliyopendwa

Kila chombo kilichoundwa na binadamu kina mpaka wa nguvu zake, na mtumiaji mwenye busara hufundishwa asiuvuke mpaka huo. Walakini historia ya gita la umeme yatuonyesha chombo ambacho utamu wake ulizaliwa pale mpaka ulipovukwa.

Gita hilo lilianza kuuzwa Marekani mwaka 1932. Nyuzi zake peke yake hutoa sauti hafifu. Kwa hiyo lilihitaji amplifaya, yaani mtambo wa kukuza sauti wenye vali za kioo na spika. Waundaji walikusudia kwamba sauti ndogo iwe kubwa bila kubadilika tabia. Lakini vali ikisukumwa kupita uwezo wake hukata vilele vya mawimbi ya sauti, na katika kukata huko huzaliwa sauti nyingine ambazo mpigaji hakuzipiga. Matokeo yake ni mkwaruzo. Wahenga walisema kuwa chombo kilichopikiwa samaki hakiachi kunuka vumba. Amplifaya nayo huiachia sauti harufu yake.

Mafundi waliuhesabu mkwaruzo huo kuwa kasoro. Wanamuziki waliusikiliza, wakaupenda. Mwaka 1951, katika studio ya Sam Phillips mjini Memphis, wimbo wa Rocket 88 ulirekodiwa kwa amplifaya iliyoharibika safarini. Spika yake ilishindiliwa karatasi, na kazi ikaendelea. Mwaka 1964, London, bendi ya Kinks ilitoa wimbo uitwao You Really Got Me, ambao mpiga gita wake, Dave Davies, alikuwa ameichana spika yake kwa wembe makusudi. Tazama basi mabadiliko ya miaka 13: lililokuwa ajali Memphis lilikuwa nia London.

Uzuri huo, hata hivyo, ulikuwa na gharama. Aghalabu amplifaya ya vali haitoi mkwaruzo wake mwema mpaka ipigwe kwa kishindo, na kishindo hutikisa kuta na kuwanyima jirani usingizi. Aliyetaka kuirekodi vizuri alihitaji chumba cha kuzuia sauti, maikrofoni nzuri na fundi mwenye ujuzi, na saa za studio hulipiwa fedha. Hivyo mlango wa studio uliwachagua watu kwa mifuko yao kabla ya kuvipima vipawa vyao.

Wako waliotafuta njia nyingine. Tom Scholz, mhandisi wa Marekani, alirekodi sehemu kubwa ya albamu ya kwanza ya bendi ya Boston, iliyotoka mwaka 1976, katika chumba cha chini cha nyumba yake. Baadaye kampuni yake iliunda Rockman, kifaa kidogo kilichompa mpigaji sauti ya amplifaya kubwa masikioni mwake tu. Mwaka 1998 kampuni ya Line 6 ya California ilitoa Amp Farm, programu ya kompyuta iliyoiga amplifaya mashuhuri. Lakini nayo ilihitaji mitambo ya studio ya bei kubwa. Mwaka 2002 ilifuata AmpliTube kutoka Italia, na mwaka 2004 Guitar Rig kutoka Berlin. Kompyuta za kawaida zilipopata nguvu, kazi hiyo ikaingia chumbani mwa mtu wa kawaida.

Yafaa tujue namna inavyotendeka. Gita huunganishwa na kifaa kidogo kinachopima wimbi lake la umeme mara 44,100 au zaidi kwa kila sekunde na kuligeuza kuwa tarakimu. Programu huzifanyia tarakimu hizo hesabu, ikiiga vali, spika, sanduku, hata mahali ilipowekwa maikrofoni. Hapa pana ajabu. Kompyuta yaweza kuikuza sauti bila kuikwaruza hata kidogo. Imebidi ifundishwe kukosea, tena kukosea kwa adabu ileile ya vali.

Wako wanaosema kuwa kuiga huku ni udanganyifu. Kweli, visikizi haviwezi kuutikisa mwili kama spika iliyo nyuma ya mpigaji. Lakini kijana aliyekosa studio, akarekodi wimbo wake usiku bila kumwamsha mtu, hakumdanganya yeyote. Amepata haki ambayo fedha ilikuwa imemnyima.

Hatari iko kwingine. Programu hutupa kasoro ambazo wengine walikwisha kuzigundua na kuzipenda. Wembe wa Davies haukuwa katika orodha ya mtu yeyote. Basi na tushukuru kwamba mlango umefunguliwa. Lakini anayeingia na aje na sikio lake mwenyewe, kwa kuwa sikio ndilo lililotambua uzuri pale ambapo fundi aliona uharibifu.