Aliyenyamaza Kikaoni

Kwa miaka mingi niliongoza vikao vya walimu, nikajifunza kumwogopa mnyamavu kuliko mbishi. Hoja ya mbishi utaijua siku hiyo hiyo. Ya mnyamavu utaijua maazimio yakishaandikwa. Labda ndiyo sababu kesi mbili za Marekani hazinitoki akilini.

Ya kwanza ni ya Dell. Mwaka 1992 VESA, chama cha watengenezaji, kilipitisha kiwango kimoja cha njia ya kupitishia data ndani ya kompyuta. Mjumbe wa Dell alipopiga kura alithibitisha kwa maandishi kwamba, kwa ufahamu wake, kiwango hicho hakigusi hataza ya kampuni yake, yaani haki ya peke yake juu ya uvumbuzi. Kumbe hataza ilikuwapo tangu 1991! Katika miezi minane ziliuzwa kompyuta zaidi ya 1,400,000 zenye njia hiyo, ndipo Dell wakadai haki yao. Tume ya Biashara ya Shirikisho iliwazuia kwa amri ya mwaka 1996.

Hiyo ni nyepesi, karatasi ipo. Ya Rambus ndiyo nzito. Hao waliketi JEDEC, baraza linaloweka viwango vya kumbukumbu za kompyuta, wakiwasikiliza wenzao, huku kwao wakirekebisha maombi ya hataza yalingane na yaliyokuwa yakijadiliwa. Walijitoa mwaka 1996, kisha wakawadai mrabaha waliokwisha kujenga viwanda juu ya viwango vile. Mwaka 2006 Tume iliuita ukiritimba haramu. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufani ya Washington ikatengua: haikuthibitishwa kwamba baraza lingechagua ufundi mwingine, na kukosa bei nafuu pekee si kosa la ukiritimba. Majaji walitilia shaka pia kama kanuni za baraza zilimtaka mwanachama aseme.

Hapo pa kanuni nawapa haki. Kanuni ya mkato ni mlango wazi, nami nimewahi kuziandika za namna hiyo. Pa bei siwakubali. Kabla ya uamuzi, mwenye hataza ni muuzaji mmoja kati ya wengi, na mnunuzi aweza kuondoka. Viwanda vikishasimama, aende wapi?

Mwaka 2009 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ilikataa kuisikiliza kesi hiyo. Desemba mwaka huo huo, huko Ulaya, Rambus waliahidi kuweka kikomo cha mrabaha kwa miaka mitano, pasipo Kamisheni kutamka kwamba walikosa.