Ada ya Taka, Bei ya Kopo

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walishinda kesi dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Dampo lilikuwa katikati ya makazi yao, na moshi, nzi na uvundo vilikuwa vimewachosha. Mahakama Kuu iliamuru Jiji liache kumwaga taka pale na litafute mahali pasipodhuru watu. Jiji likaomba kuongezewa muda, likaomba tena, mpaka mwaka 1991 Jaji Lugakingira alipokataa, akiegemea ibara ya 14 ya Katiba inayolinda haki ya kuishi. Wanasheria wanaisoma kesi hiyo hadi leo, na inastahili kusomwa. Lakini mtu wa Pugu naye ana haki ya kuuliza: taka zile zilikwenda wapi? Zilikwenda Vingunguti, zikatoka huko zikaenda Mtoni, na Mtoni palipofungwa zikaja Pugu Kinyamwezi, ambako malori kutoka pande zote za jiji yamekuwa yakimwaga kwa miaka mingi sasa.

Ng'ambo ya Atlantiki kuna kesi nyingine inayofaa kuwekwa kando ya hii. Waokota taka wa Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, walilalamika mahakamani kwamba zabuni ya usafi wa jiji imewafungia nje ya kazi waliyoifanya maisha yao yote. Mwaka 2003 Mahakama ya Katiba ilikubaliana nao. Mwaka 2011 mahakama hiyohiyo ikasimamisha zabuni nyingine kwa sababu jiji lilikuwa halijatimiza agizo. Machi 2013 jiji likaanza kuwalipa waokota taka kwa uzito wa kile walichokizuia kisifike dampo, mbali na pesa wanayopata wakiuza karatasi, chuma na plastiki. Mwaka huohuo Nohra Padilla, aliyekulia katika kazi hiyo na kuwa kiongozi wa chama chao, alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2016 serikali ikaueneza utaratibu huo nchi nzima.

Kesi zote mbili zilifunguliwa na raia dhidi ya jiji lao, na zote mbili zilishinda. Hukumu moja ilisema taka zipelekwe mbali. Nyingine ilisema anayeziokota alipwe. Naamini tofauti hiyo inaeleza vizuri zaidi ugumu wa biashara ya urejelezaji Dar es Salaam kuliko maelezo mengine yote tunayopewa kuhusu teknolojia, elimu kwa umma au vijana kukosa ubunifu.

Ubunifu haujawahi kukosekana. Mafundi wetu wamesubu sufuria kutokana na alumini chakavu kwa miongo mingi, wakakata matairi wakashona katambuga, wakatengeneza vibatari kutokana na makopo ya maziwa na majiko kutokana na mapipa. Lamu, mwaka 2018, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi zima kwa plastiki iliyookotwa, Flipflopi, na mwanzoni mwa mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Mikono ipo. Tatizo ni namna fedha inavyotembea.

Mwenye nyumba wa Sinza au Mbagala analipa ada ya taka kila mwezi. Ada hiyo inamlipa mzabuni au kikundi cha mtaa, inanunua dizeli, inalipa dereva na vibarua, mpaka mzigo umwagwe Pugu. Kwa hiyo kila kilo inayopanda lori imelipiwa safari. Sasa mwokota makopo anapita alfajiri, kabla lori halijafika, anatoa kiroba kizima cha chupa za maji. Amelipunguzia lori mzigo, ameliokolea dampo nafasi, amezuia mfereji wa mtaa usizibe mvua za masika zikija. Katika ada ile hapati hata senti. Analipwa bei ya kopo tu, kwa mzani wa mnunuzi.

Na bei ya kopo haipangwi Pugu. Januari 2018 China, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa taka za plastiki duniani, ilifunga mlango kwa aina 24 za taka, na soko likatikisika kila mahali. Mwaka 2020 bei ya mafuta ghafi ilipoporomoka, plastiki mpya ikawa rahisi kuliko iliyosagwa. Mama anayeinama juani juu ya dampo hakupunguza bidii siku hizo. Bei ikishuka huko juu, kila mmoja anaisukuma hasara kwa aliye chini yake, na yeye hana wa kumsukumia. Biashara nzima inasimama juu ya mapato ya kazi moja, kuuza malighafi, wakati inafanya kazi mbili: inauza malighafi na inasafisha mji.

Wamisri waliishi na mgawanyo wa namna hii kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu kutoka oasisi ya Dakhla, walioitwa wahiya, walishika mikataba ya kuzoa taka za majumba ya Cairo. Miaka ya 1940 wakaja wakulima masikini kutoka Asyut, Wakristo wa Kikopti, ambao leo wanajulikana kama zabbaleen. Wahiya walibaki na ada ya wapangaji; zabbaleen walibaki na kazi ya kubeba na haki ya kuchukua taka zenyewe. Mabaki ya chakula waliwalisha nguruwe, na vilivyobaki walivichambua vikauzwa. Huko Mokattam familia hizi zilifikia kurejeleza takriban asilimia 80 ya walichokusanya, kiwango ambacho miji mingi ya Ulaya haijakifikia.

Mwaka 2003 serikali ikaleta kampuni za Hispania na Italia. Mikataba ilizitaka zirejeleze asilimia 20 tu, na ada ikaingizwa kwenye bili za umeme. Watu waliozoea taka zao kufuatwa mlangoni sasa walitakiwa kuzipeleka wenyewe kwenye mapipa ya barabarani. Kisha mwaka 2009, kwa hofu ya mafua ya nguruwe, serikali ikaamuru nguruwe wote wauawe, wapatao 300,000. Mabaki ya chakula yakarundikana mitaani. Hakuna aliyekuwa ameweka katika hesabu kwamba wanyama wale walikuwa kiwanda.

Hapo Dar es Salaam ina la kujifunza, kwa sababu zaidi ya nusu ya taka zetu ni za namna ileile: maganda ya ndizi, mabaki ya ugali, mboga zilizooza sokoni. Kiwanda cha mboji cha Mabwepande, kilichojengwa na Manispaa ya Kinondoni kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, kinashughulika na hizo. Wajasiriamali wanaofuga mabuu ya nzi askari mweusi kwa chakula cha kuku na samaki wanashughulika na hizo pia. Makopo yanapewa sifa kubwa kwa sababu yanaonekana, lakini kinachooza, kufuka gesi na kuwaka moto ndani ya dampo ni ganda la ndizi. Na mzigo huo hauna mnunuzi wa mzani kama kopo, kwa hiyo bila malipo ya huduma hauwezi kubeba biashara.

Pune, nchini India, walipata jibu ambalo nalipenda kuliko ya miji mingine. Waokota taka, wengi wao wanawake wa tabaka la chini, waliunda chama chao KKPKP mwaka 1993. Miaka kumi na minne baadaye kikazaliwa chama cha ushirika SWaCH, kikaingia mkataba na halmashauri ya jiji. Mwanachama anafuata taka mlangoni, anapokea ada moja kwa moja kutoka kwa kaya, na vile vinavyouzika ni vyake. Ada na bei vimekutana katika mfuko wa mtu mmoja. Kopo likishuka, ada inamshika asianguke.

Hatukuwa mbali na hilo. Jiji la Dar es Salaam lilipoanza kukabidhi uzoaji kwa sekta binafsi mwaka 1994, lilianza na kata za katikati na kampuni moja. Mwaka 1998, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, kata nyingine zikakabidhiwa kampuni ndogo na vikundi vya mitaa, na wanawake wakashika ada na mkokoteni. Kilichokosekana ni upande wa pili wa hesabu: kikundi kililipwa kwa kuondoa taka mtaani, hakikulipwa kwa kuzizuia zisifike dampo. Ukitaka kujua mkataba unathamini nini, angalia unalipia nini.

Lipo na jibu la kuifanya chupa ibebe pesa yake yenyewe. Ujerumani tangu mwaka 2003 inatoza amana ya senti 25 za euro kwa chupa ya kutumika mara moja, na karibu zote hurudi. Sisi tulikuwa nayo kabla hatujaisikia Ulaya: soda ya chupa ya kioo dukani ilikuwa unywe papo hapo, uje na chupa yako, au uache pesa ya chupa. Kreti lilirudi kiwandani limejaa. Plastiki ilipoingia iliachiliwa bila amana, na kazi aliyokuwa akiifanya mwenye duka ikamwangukia mwokota taka wa Pugu bure.

Sasa mtaji. Wanaotoa fedha hupenda kutoa mashine ya kusaga, kwa sababu inaonekana na inahesabika. Mashine ndiyo sehemu rahisi. Kinachoua godauni la makopo ni uhaba wa pesa ya kununulia. Tuseme kikundi kinanunua tani 10 za makopo kwa wiki kwa shilingi 400 kwa kilo. Hiyo ni milioni 4. Kiwanda kikilipa baada ya wiki nne, milioni 16 ziko nje kabla ya shilingi ya kwanza kurudi, bado hujalipa umeme, pango na vibarua. Na aliyeleta kiroba hasubiri wiki nne. Mla ni mla leo. Mtoto wake anakula usiku huu.

Pwani yetu inaujua mkopo wa namna hii tangu zamani. Katika karne ya 19 tajiri wa Unguja Tharia Topan alimkopesha mfanyabiashara Tippu Tip mali ya kwendea bara, na deni likalipwa pembe za ndovu zilipofika. Kila mkopeshaji alimbana aliye chini yake, na chini kabisa walikuwako wapagazi na watumwa walioubeba msafara ule mabegani. Dalali wa makopo leo anatoa pesa kidogo asubuhi, jioni ananunua kwa bei anayoitaka mwenyewe. Simlaumu sana, maana bila yeye wengine wasingekula. Lakini deni lake linamfunga mwokota asiuze kwingine hata mnunuzi bora akitokea.

Fiqhi ya Kiislamu ina mkataba unaotatua hasa jambo hili, bei ya salam: mnunuzi analipa bei yote siku ya makubaliano, na uzito, ubora na siku ya kuletewa vinatajwa. Bei haishushwi tena jioni. Kikundi cha Pugu kingeweza kulipwa leo kwa tani 20 za makopo yaliyochambuliwa, yatakayofika kiwandani siku fulani, na kwa pesa hiyo kikanunua kwa mkono wazi. Amana Bank, benki ya Kiislamu, inafanya kazi Dar es Salaam tangu mwaka 2011, na benki nyingine zimefungua madirisha ya namna hiyo. Wakulima wa zamani walinufaika na salam. Sioni kwa nini makopo yashindwe.

VICOBA, mfumo wa vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana ambao mbegu yake ilitoka Niger mwaka 1991, inafaa kwa viroba, mzani na mkokoteni, kwani mkopo hufuata hisa za mwanachama. Milioni 16 haizifikii. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, haina riba, na hilo ni jema. Lakini ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, na aliyepanga kununua makopo kwa pesa ile alibaki mikono mitupu. Benki za kawaida zinataka hati ya kiwanja, na maeneo mengi ya pembezoni mwa jiji hayana hati.

Hapa ndipo Bogotá na Pune zinapokutana na meneja wa mikopo. Mkataba wa halmashauri unaosema kikundi fulani kitalipwa kiasi fulani kwa kila tani iliyozuiwa kufika dampo ni karatasi anayoweza kuisoma na kuikopeshea. Unaonyesha mapato yatakayokuwepo bei ya kopo ikipanda au ikishuka. Fedha ya kulipia ipo: sehemu inatoka katika ada na dizeli iliyookolewa kwenye safari za Pugu, na sehemu inapaswa kutoka kwa wanaotengeneza chupa zenyewe. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2022 ya usimamizi wa taka, imeshawatwika wazalishaji wajibu huo.

Vyombo vya kuutekeleza mkataba huo tunavyo pia. Wakala wa Vipimo inakagua mizani ya pamba na korosho, inaweza kukagua ya makopo. Tangu M-Pesa ianze nchini Tanzania mwaka 2008, kumlipa mtu asiye na akaunti ya benki si kazi ngumu. Kinachotakiwa ni mzani uliopigwa muhuri, daftari linalosomwa na pande zote mbili, na malipo yanayoingia kwenye simu ya aliyeleta kiroba siku hiyohiyo. Na mzani huo ukae Kinondoni na Temeke, mitaani taka zinakotoka, kabla lori halijapakiwa.