Askari Wasiokuwa na Rizavu

Nairobi ilipoanza kukua, serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika kuwa mgeni mjini. Aje afanye kazi, akimaliza arudi rizavu kwao, yaani eneo lililotengewa kabila lake. Mkikuyu alikuwa na yake, Mkamba yake, Mluo yake. Mnubi je, arudi wapi?

Wanubi walitokana na jeshi la gavana Emin Pasha, lililokwama Ikwatoria, kusini mwa Sudan, wakati wa vita vya Mahdi. Mwaka 1891 Lugard, afisa Mwingereza, aliwachukua na kuwapeleka Uganda, na baadaye wakaingizwa katika King's African Rifles. Waliitumikia bendera ya Waingereza mpaka wakazeeka, na watoto wao wengi hawakuwahi kuiona Sudan. Tangu 1904 hivi, jeshi liliwaweka katika msitu wa Kibera, kusini-magharibi mwa mji. Mwaka 1918 ekari 4,197 zilitangazwa rasmi kuwa za jeshi.

Askari aliyestaafu alipewa kibali. Karatasi hiyo ilimruhusu kujenga, kulima na kufuga, lakini haikumfanya mwenye ardhi. Yeye aliipokea kama malipo ya damu aliyomwaga. Serikali iliiona kuwa fadhila tu, ambayo ingeweza kuitwaa siku yoyote ipendayo. Jeshi lilipokabidhi eneo kwa utawala wa kiraia mwaka 1928, maofisa walianza kutafuta njia ya kuwahamisha. Hawakufanikiwa, na sidhani ni kwa sababu ya huruma: fidia ingekuwa ghali, na watu wasio na rizavu huwezi kuwarudisha popote.

Uhuru ulikuja 1963, kibali hakikugeuka hati. Kibera ilihesabiwa ardhi ya serikali, ikamegwa kupisha mitaa mipya kama Ayany na Jamhuri. Wanubi wakajenga vyumba vya kupangisha, na haukupita muda wapangaji wakawa wengi kuliko wenyeji. Kijana wa Kinubi aliyekwenda kuomba kitambulisho aliitwa kwanza mbele ya kamati ya uhakiki, athibitishe kuwa ni Mkenya, ingawa babu yake alizikwa palepale Kibera. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi kwa kuwanyima uraia tangu kuzaliwa.

Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi hatimiliki ya pamoja. Ilikuwa ya ekari 288. Katika kila ekari 100 za mwaka 1918, hata 7 hazikutimia.