Samaki Mzima kwa Kila Sahani

Juzijuzi nyumbani kwangu hapa Nyakato palikuwa na kikao kizito. Binti wa marehemu kaka yangu alikuwa anatarajia wageni wa posa kutoka Tanga, na jambo lililotushinda halikuwa mahari, bali kitoweo. Shangazi yangu, ambaye kwa mambo ya jikoni neno lake ndilo la mwisho, alishikilia kwamba kila mgeni apate sahani yake, na kila sahani iwe na samaki mzima, kichwa hadi mkia. Kijana mmoja wa ukoo aliyewahi kufanya kazi hotelini Zanzibar akapendekeza tuagize kamba koche, kwa kuwa huko ndicho chakula cha wakubwa. Shangazi akauliza, "Huyo ni samaki au mdudu?"

Tulicheka sana. Lakini swali hilo, msikilizaji, linastahili jibu, maana historia ya kamba koche inatuhusu hata sisi wa maji baridi.

Katika pwani ya kaskazini mashariki ya Marekani, wageni wa kwanza kutoka Uingereza katika karne ya 17 waliwakuta kamba hawa, wale wenye magando makubwa, kwa wingi wa ajabu. Kwa sababu hiyo walidharauliwa. Walikuwa chakula cha maskini na watumishi, chambo cha kuvulia samaki, na hata mbolea ya mashamba. Katika miaka ya 1840 viwanda vya jimbo la Maine vilianza kuwatia kwenye makopo. Kisha reli zikawafikisha kwa watu wa mbali ambao hawakujua kwamba walikuwa chakula cha kudharauliwa. Ilipokaribia mwisho wa karne ya 19, matajiri wa Boston na New York walikuwa wanawalipia fedha nyingi. Mnyama hakubadilika hata kidogo, kilichobadilika ni mlaji na bei.

Sasa turudi ziwani kwetu. Sangara si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Aliletwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950, na wengine wakaongezwa mwaka 1962 na 1963. Huku Mwanza alianza kujaa nyavuni katika miaka ya 1980. Wazee wetu walimtazama kwa jicho baya. Walizoea ngege, sato na furu, samaki wa kuanika juani. Sangara ana mafuta mengi, hakaushwi kwa jua, lazima abanikwe kwa moshi, na hiyo maana yake ni kuni nyingi. Tena alikuwa mlafi. Wataalamu wanakadiria kwamba aina zipatazo 200 za furu zilitoweka au zikawa adimu mno baada ya yeye kutamalaki, ingawa uchafuzi wa maji na uvuvi wa kupita kiasi navyo vilichangia.

Yakaja mageuzi kama yale ya Maine. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilichipuka hapa Mwanza, na ndege zikabeba sangara kwenda Ulaya. Yule aliyedharauliwa akawa dhahabu. Minofu ilipanda ndege, mabondo yakaelekea Asia, na mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki, yakarudi kwenye masufuria yetu. Kati ya 1997 na 2000 soko la Ulaya lilifungwa zaidi ya mara moja, kwanza kwa hofu ya vijidudu na kipindupindu, baadaye kwa ajili ya uvuvi wa sumu. Hapo ndipo wengi tulipotambua kwamba samaki wa mlangoni kwetu bei yake inapangwa mahali tusipopajua.

Lakini kuna tofauti moja kubwa, na hapo ndipo penye hoja yangu ya leo. Wavuvi wa Maine bado wana kamba wao hadi leo, na sababu mojawapo ni kipimo. Kila kamba hupimwa kwa kifaa maalumu: mdogo mno anarudishwa majini, na mkubwa mno pia anarudishwa. Jike mwenye mayai hukatwa alama mkiani kisha huachiwa, na yeyote atakayemnasa baadaye akiwa na alama ile hamgusi.

Sisi nasi tunayo sheria. Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Bila shaka unakumbuka, Juni 2018, maofisa wa uvuvi walipoingia na rula katika mgahawa wa Bunge, Dodoma, wakapima samaki waliokwisha kupikwa. Nchi nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka. Siku hizi sicheki sana, maana rula ile ilikuwa inatuuliza sisi walaji swali la haki.

Hebu chukua sahani ya nyumbani kwako uipime. Haifiki sentimita 30. Kwa hiyo sangara mzima anayelala vizuri ndani ya sahani ni mtoto, hajazaa hata mara moja. Tunamlaumu mvuvi mwenye kokoro, lakini yeye anavua kile ambacho sisi tunakiita heshima.

Niliyasema haya kikaoni. Shangazi akanitazama kimya, kisha akasema, "Baba, mimi nimekula ngege. Wewe unamjua ngege?" Nikajibu kwamba namkumbuka kwa mbali. "Basi nenda sokoni."

Nilikwenda Mwaloni, Kirumba, na futi ya cherehani mfukoni. Mchuuzi mmoja alipoiona, akafunika ndoo yake kwa kanga. Mwingine alinipimia mwenyewe, sangara wa sentimita 70 na ziada. Shangazi alimkata vipande vinene, akavitia ndimu, chumvi na kitunguu saumu, akavikaanga kidogo kisha akavimalizia kwenye mchuzi wa nyanya. Kichwa kilichemshwa supu na kuwekwa mbele ya mshenga. Watu 14 walikula samaki mmoja, wakashiba, na mshenga akaomba supu mara ya pili. Posa ilipokelewa.

Msikilizaji, heshima ya mgeni haipungui kwa kuwa samaki amekatwa vipande. Binti yetu anakwenda kuolewa, na ipo siku atapokea wageni wake mwenyewe. Ningependa siku hiyo naye apate samaki wa kuwakatia.